Kura ya mafundi wa Biryogo

Shoga, sina mbavu. Babu Usumani ametoboa siri mezani sasa hivi, mbele ya wageni.

Ni 1991, karakana ya kushona Biryogo. Tajiri akatangaza, "Ijumaa tunapiga kula ya kiongozi wa mafundi." Alitaka kusema kura, lakini ulimi wetu wa Kigali unaujua, r na l ni mamoja.

Mafundi wakaja na sahani. WOTE.

Babu akasimama kuomba kura: kiongozi awe mvumilivu, awe msikivu. Wenzake macho mlangoni, wali uko wapi.

Mpinzani wake Raihana hakuhutubia. Akavuka kichochoro, akarudi na sufuria ya maharage.

Kura zote kwa Raihana. Zote, shoga!

Nikauliza, "Hata yako, babu?"

"Ndiye peke yake aliyeniuliza kama nimekula."