Springi Nilizozikaza Mwenyewe

Jumapili, baada ya ibada. Mvua imekatika siku ya nne leo, na tope lote lililokanyagwa na magurudumu limegeuka tofali. Nina hasira tangu Jumatano. Sijapata wa kumpelekea, kwa hiyo naiandika.

Nianze na jambo ambalo mpaka juzi nilikuwa nikijisifia. Kijiji chetu cha ujamaa kilipopewa pikapu, nikachaguliwa mimi kuwa dereva. Gari lilikuwa limeshatumika sana, na msimu wa kwanza wa tumbaku lilikaa chini nyuma kama kuku anayetaga. Nikaenda Tabora, nikatafuta kwenye vyuma chakavu vya lori lililokufa, nikapata vyuma viwili vinene vya springi. Nikaviongeza, kimoja kila upande, chini ya vile vya asili, nikakaza bolti mpaka mikono ikachubuka. Toka siku hiyo gari likabeba marobota ya tumbaku bila kuinama. Mwenyekiti alinisifu mbele ya mkutano. Watu walipiga makofi.

Mimi hukaa mbele, kwenye kiti chenye sifongo. Nyuma sijawahi kupanda.

Jumatano mama mkwe wangu alikuwa kwenye bani la kukaushia tumbaku, amepanda juu kushusha fito. Mti aliokanyaga ukavunjika. Tulipofika alikuwa amelala ubavu, mguu wa kulia umegeukia nje, na hata kuguswa hataki. Tulitandika majani na magodoro mawili nyuma ya pikapu, tukamlaza. Mke wangu Tabitha akakaa naye ameshika kichwa chake. Safari yenyewe ilikuwa mpaka stesheni ya Igalula, maili kumi na mbili, akapande treni kwenda hospitali ya Tabora.

Niliendesha taratibu. Naapa niliendesha taratibu. Lakini barabara ile baada ya mvua ni matuta na mizizi, na gari tupu lenye springi za lori haliingii kwenye shimo, linarukia ng'ambo. Kila lilipotua nilisikia sauti nyuma. Haikuwa kilio. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyepigwa.

Baada ya maili tano hivi Tabitha akagonga bati la kebini. Nikasimama.

"Mama anasema umshushe."

Nikamwambia hatujafika hata nusu ya njia.

"Anajua. Anasema kama ni kufa, afie chini palipotulia, si humu ndani."

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawasemezani ovyo. Tangu nimuoe binti yake hajawahi kuniambia neno la ukali, wala mimi sijawahi kumtazama machoni. Siku hiyo nilizunguka nyuma nikamtazama. Uso ulikuwa umelowa jasho na midomo ameiuma mpaka damu. Nikasema, "Mayu, mama yangu, nisamehe." Akafumba macho.

Kulikuwa na shamba karibu. Wanaume wanne waliokuwa wakivuna karanga wakaja, wakafunga machela kwa miti miwili na blanketi, wakambeba. Hatua zao zililingana kama watu wa msafara wa zamani, na njia yenyewe ni hiyo hiyo waliyopita babu zetu na pembe za ndovu mabegani. Mama mkwe hakutoa tena ile sauti.

Mimi nikafuata nyuma na gari. Maili saba, gia ya kwanza, gari tupu nyuma ya watu waliobeba mgonjwa.

Kila tuliyepishana naye alitazama machela, kisha akatazama gari, kisha akanitazama mimi. Mzee mmoja mwenye baiskeli aliuliza kama limeharibika. Nikamjibu hapana, ni zima. Heri ningesema limeharibika.

Wakampandisha kwenye behewa la mizigo, na Tabitha pamoja naye. Hospitali wamesema ni mfupa wa nyonga. Atalala wiki nyingi, mguu umefungwa na kuning'inizwa uzito. Daktari alimuuliza Tabitha kama mgonjwa alianguka mara mbili.

Alhamisi nikalipeleka gari Cheyo, mjini Tabora, kwa Fundi Abdalla, mzee ambaye baba yake alikuwa mhunzi na babu yake pia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, macho yakiwa kwenye gari. Akapanda nyuma, akaruka mara moja kwa miguu yote miwili. Gari halikuitika.

"Hii ni meza," akasema. "Nani ameweka hivi vyuma?"

Nikamwambia ni mimi. Akaniambia nivue shati tuanze kazi.

Nilidhani tutatoa vile viwili tu, basi. Tulipofungua nikaona aibu ya pili. Vyuma vyote vilikuwa vimeshikana kwa kutu, kimoja juu ya kingine, kama mkate mmoja. Springi inafanya kazi kwa vyuma kuteleza, kimoja juu ya mwenzake, na vyangu havikuwa vimeteleza sijui tangu lini. Pini za mwishoni zilikuwa kavu na mpira wa bushi umekwisha. Muda wote nimekuwa nikiosha bodi na kung'arisha taa.

Tulisugua kwa brashi ya waya na dizeli mpaka chuma kikawa cheupe, tukapaka grisi katikati ya kila kimoja. Bushi fundi alizichonga kutoka kwenye tairi la zamani, kwa sababu madukani hakuna. Shokapu ndizo zilizonimaliza nguvu. Zangu zimekufa, ukizivuta hazina ubishi. Nilizunguka mjini siku nzima ya Ijumaa. Kila duka jibu ni moja, hakuna, labda mwezi ujao, na mwenye duka anafuta kaunta huku akisema.

Tulipofunga bila vile vyuma viwili, nikapunguza na upepo wa matairi, fundi akasema tuweke mifuko miwili ya mchanga juu ya ekseli ili gari litulie. Kisha akaniambia nilale nyuma, yeye aendeshe.

Nililala chali kwenye bati. Tukatoka mjini kidogo, tukashika njia mbovu.

Ni kweli limepungua. Halipigi tena kama mwanzo. Lakini bila shokapu, kila shimo linalifanya linese mara tatu, nne, na mimi mwenye nyonga nzima nilijikuta nimeshika ubao kwa mikono miwili. Nikawaza lilivyokuwa Jumatano. Nikamgongea fundi asimame, nikasingizia tumefika mbali.

Jana Mwenyekiti alikuja, akaliinamia, akaona.

"Ndugu dereva, vyuma viko wapi?"

Nikamweleza. Alisikiliza vizuri, si mtu mbaya. Akasema pole kwa mgonjwa. Halafu akasema marobota yanaondoka Jumanne asubuhi, mgao wa petroli ni wa safari moja tu, na gari bila vile vyuma halibebi mzigo wote. "Rudisha. Tumbaku ndiyo kijiji." Nikamjibu kwamba hata wagonjwa ni kijiji. Akasema hilo tutalizungumza baada ya mavuno, na kama mimi siwezi, ufunguo utapata mtu mwingine.

Kinachoniudhi ni kwamba ana haki. Nami nina haki. Na gari ni moja.

Nimeamua kesho jioni nitaomba mkutano. Nitasema tumbaku iende mara mbili, ya pili kwa mikokoteni ya ng'ombe mpaka stesheni, hata ikichukua siku tatu. Wakikataa, nitaweka ufunguo mezani. Vyuma vile kwa mkono wangu sivirudishi.

Lakini kuna neno moja sitaweza kulisema mkutanoni, na humu nalisema. Mwaka huu nimebeba wagonjwa wengi na lile gari. Wanawake wawili wenye uchungu wa kujifungua, mmoja alizalia njiani na mtoto hakuishi. Mzee wa mapafu. Mtoto aliyeungua. Wote walipofika walinishukuru. Ndugu zao walinipa mkono, na mimi niliupokea.

Hakuna hata mmoja aliyegonga bati.

Je, ningezifungua bolti zile kama aliyelala nyuma angekuwa mama wa mtu mwingine?