Mzee Dzombo Yuko Chumbani Mwangu

Jumapili, 4 Mei 2025

Leo nimehubiri Kikoneni, peke yangu, mara ya kwanza tangu seminari initume huku kwa mafunzo. Mchungaji Kalama, msimamizi wangu hapa kanisani, alitaka niseme juu ya mavuno. Nikasema juu ya Mzee Dzombo. Mjukuu wake amekufa kwa malaria — daktari wa Msambweni alieleza wazi — lakini watu wanasema babu ndiye aliyemloga. Nikawaambia mvi si uchawi.

Kisha Matano, baba wa mtoto, mwana wa mzee mwenyewe, akainuka akatoka na nduguze. Mlangoni akanitazama. Macho mekundu. Amezika juzi tu.

Kalama hakunipa mkono baada ya ibada.

Jumatatu, 5 Mei

Wamechoma nyumba ya mzee. Asubuhi, watu wakitazama.

Yeye alikuwa shambani. Amenijia kupitia mihogoni, miguu mitupu. Nimemficha chumbani. Nyumba ni ya Bi Fauzia, mjane, Mwislamu. Mimi mpangaji tu. Nilidhani atatufukuza sote. Akamwamkia mzee shikamoo, akaleta uji.

"Akae," akasema. "Ila wewe, mwanangu, una pa kurudi. Sisi ni hapa hapa."

Chuoni niliandika insha ndefu kuhusu tuhuma za uchawi. Seminari nzima iliisifu. Mle sikuandika kwamba mate hukauka mpaka ulimi unashikamana na kaakaa.

Jumanne, 6 Mei

Polisi wanasema watakuja. Gari halina mafuta.

Mwalimu wangu amepiga simu kutoka Nairobi. Nirudi leo leo, chuo kitatoa taarifa. Taarifa! Nikamuuliza, na mzee? Akasema hilo waachiwe wenyeji. Huyu ndiye aliyetufundisha kwamba kanisa lisilosimama na mnyonge ni jengo tu.

Nikapanga nguo begini. Mzee aliona.

"Nenda, mwanangu. Wewe ni mtoto wa watu."

Sikwenda. Si ushujaa. Naogopa hata kuvuka barabara kufika stendi.

Jumatano, 7 Mei

Afadhali. Kalama amepiga simu. Amepata gari, atamchukua mzee ampeleke Msambweni kwa dada yake. Atakuja peke yake baada ya adhuhuri. Ameniomba radhi kwa kunyamaza Jumapili. Nimelia kidogo. Mzee amenawa uso, amevaa shati aliloazimwa na Bi Fauzia, la marehemu mumewe.

Gari limefika.

Kalama anabisha. "Dada Umazi, fungua. Ni mimi. Niko peke yangu." Sauti si yake — kama mtu anayesoma maneno ya mwingine. Nimeinama kuchungulia chini ya mlango. Viatu vyake vyeusi vya ibada. Pembeni yake gambuti. Na makubadhi. Na miguu mingine nyuma.

Nimempigia mwalimu. Hapokei. Polisi — inalia tu.

Bi Fauzia amejifunga leso kiunoni. Anataka atoke yeye kwanza, wote hao amewajua tangu utotoni mwao. Mzee ananinong'oneza nimpishe, wamtakaye ni yeye, hataki damu ya mtu mwingine.

Siwezi kumpisha. Mgongo wangu umeuegemea mlango, naandika nimesimama, mkono una kazi ya kufanya angalau. Ubao unasukumwa, taratibu, bila fujo.

Kalama anaita tena. Sasa analia.