Kibuyu Nilichokiosha kwa Sabuni

Mjukuu wangu Kwamboka,

Baridi ya Italia inakuonaje? Huku Kapkatet tuko wazima, chai imechipua, na babu yako bado anabishana na redio.

Umeniuliza kama unakosea kuwachora wachuma chai wetu kwa rangi za mafuta, vile Wazungu wa kale walivyochora malkia wao. Nimecheka. Nilipohamia hapa kutoka Kisii, jirani yangu Mkipsigis, Mama Chebet, alinipa kibuyu cha kugandishia mursik, yale maziwa ya mgando ya kwao. Mimi na usafi wangu nikakiosha kwa sabuni! Maziwa yakanuka sabuni, hata paka akakataa. Mama Chebet akanifundisha kukisugua ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, tena na tena, mpaka mkono ukazoea. Nje nikakipamba kwa shanga, kwa mistari ya vikapu vya kwetu Kisii. Niliogopa atachukia. Alikigeuzageuza, akanusa ndani, akanirudishia.

Bintiye alipoolewa, Mama Chebet aliacha vibuyu vyake vyote nyumbani, akaja kuazima changu.

Hizo rangi za mafuta ndizo mkaa wa Wazungu; jifunze vizuri, mama. Shanga ulienda nazo kutoka kwetu.

Nyanya yako,
Moraa