Kufuli Moja Inatosha

Chimala, 9 Juni 1978

Baba Nyamizi, mpenzi wangu,

Huku tu wazima. Mpunga tumevuna, Nyamizi ameota jino la pili na sauti yako bado haijui.

Nimefurahi umenieleza kazi yako ya kompyuta huko Dar. Unasema diski mpya ikipachikwa, mashine ilikuwa inatumia kufuli mbili, yaani alama za kuzuia kazi mbili zisiguse kitu kimoja kwa pamoja. Kazi moja inashika ya kwanza ikingoja ya pili, nyingine inashika ya pili ikingoja ya kwanza, basi mashine nzima inaduwaa. Sasa mmebakiza kufuli moja. Nilicheka, kisha nikalia, maana ndio sisi hao.

Nikimwomba baba yako nije kwako, anasema, "Mwanangu Limbu aandike kwanza. Mke haondoki kama mbuzi aliyekata kamba!" Wewe nawe unaandika, "Baba aseme kwanza." Mwaka mzima mnaheshimiana, mimi nalala na shati lako.

Leo nimempigia mzee magoti nikamwambia, "Baba, Jumatatu tarehe 26 nakwenda kwa mume wangu." Mzee akamwita mama: "Mfungie mchele wa safari."

Basi barua hii usiijibu. Njoo stendi utupokee.

Mkeo niliye njiani,
Leokadia