Mtu wa Kuja

Mjukuu wangu Atieno,

Hapa Voi tu wazima. Nyanya yako amevuna pojo, anakusalimu.

Unasema huko Uarabuni muuguzi kama wewe anapewa ufagio kwa sababu ya alikotoka, na unauliza mimi nilivumilia vipi kwenye mkonge.

Nilipotoka Siaya nilikata mkonge miaka mingi. Nikamfundisha kijana wa hapa kukata mwiba wa jani kwanza, asijitoboe jicho. Nafasi ya unyapara ilipotokea akapewa yeye. Meneja akaniambia, “Wewe ni mtu wa kuja, utarudi kwenu.”

Nilivumilia? Ala! Nilirudi shambani kwa sababu watoto walitaka kula. Hasira ninayo mpaka leo.

Baba yako amezaliwa hapa, ana mvi sasa, na bado wanamuuliza atarudi kwao lini.

Babu yako