Jino si mtumbwi

Jumapili, saa tisa alasiri. Mvua imeacha lakini upepo wa ziwani unapiga bati hata huku kwetu Katubuka. Mkono wangu wa kulia bado unawaka.

Leo nimempiga mume wangu.

Naanza na hilo nisije nikajizungusha. Nimempiga kofi la shavu, upande ule ule unaomuuma, na nilijua kabisa ni upande upi.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: Baba Rehema ni mpiga mbizi. Anazama kwenye miamba ya kuelekea Kagunga kukamata samaki wa mapambo, wale wadogo wa rangi wanaosafirishwa wakiwa hai. Boti linabeba kompresa, kwenye kompresa unatoka mpira mrefu wa hewa, na mwisho wa mpira kuna kidude cha kung'ata mdomoni. Kidude hicho ndicho kinachonirudishia mume. Kwa hiyo meno yake ni mali ya nyumba hii, kama paa.

Wiki iliyopita jino la nyuma lilimshinda. Daktari akalitoboa, akalisafisha, akaliziba kwa dawa ya muda. Nilikuwepo, Rehema mgongoni. Akamwambia, "Usizame mpaka urudi nilizibe moja kwa moja. Ukiwa chini hewa itapenya humo, na ukipanda itavimba ikakosa pa kutokea." Mume wangu akaitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari, kama mtoto wa shule.

Siku ya nne ile dawa ikadondoka akitafuna muhogo. Hakuniambia.

Alifanya alichofundishwa na marehemu baba yake, aliyekuwa akitengeneza mitumbwi Ujiji. Palipo na tundu, kalafati. Akachovya pamba kwenye mawese, akaisokota, akaishindilia ndani ya jino kwa ncha ya msumari, juu akadondosha nta ya mshumaa. Mtumbwi ukizibwa kwa pamba na mawese unakaa miaka bila kuvuja. Akapanda botini akimtambia Shabani, mwenzake wa kuzama, kwamba yeye na daktari wote mafundi, tofauti koti tu.

Alhamisi walirudi mapema. Nilikuwa ufukweni nachagua samaki, migebuka ya mchana. Wa kwanza kushuka alikuwa Shabani, pua imelala upande, damu imemkauka mpaka kifuani. Nyuma yake mume wangu, amebebwa na watu wawili, anauma kipande cha kanga ya mtu.

Shabani alinisimulia pale pale kwenye mchanga. Kushuka hakukuwa na neno. Kazi ilikwenda. Walipoanza kupanda, taratibu kama kawaida yao, mume wangu akaanza kujipiga ngumi ya taya, kisha akagonga kichwa kwenye mwamba, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Shemeji, nilidhani ana pepo."

Halafu akataka kuchomoka juu kwa mkupuo. Hata mimi niliyeishia darasa la saba najua, anayechomoka vile amebana pumzi anapasuka mapafu. Shabani akamdaka mguu. Mume wangu akamkanyaga uso kwa mguu wa pili, akamvunja pua. Wakapigana huko chini, watu wanaokula sahani moja, huyu anapanda juu ya mabega ya mwenzake, huyu anamvuta kiuno. Shabani hakumwachia. Anaapa alisikia jino likilia ndani ya maji, ka! kama chikichi kinavyopasuliwa kwa jiwe. Kisha ukungu wa damu ukatoka pembeni ya mdomo.

Alifika juu na nusu ya jino juu ya ulimi. Kile kidude cha kung'ata alikuwa amekikata kabisa.

Ijumaa daktari akang'oa mizizi. Mimi nilimshika kichwa. Alivuta, akapumzika, akavuta tena, nikasikia mfupa unalalamika ndani ya viganja vyangu. Mume wangu akalipiga teke meza ya vifaa, vikatawanyika sakafuni. Tulipomaliza daktari alikuwa anatokwa jasho. Akasema kuzama basi, si chini ya mwezi, na hata huo mwezi ukiisha aje kwanza amwangalie kidonda. Akaongeza, "Na ukiliziba tundu hili mwenyewe, usinirudie mimi. Nenda kwa fundi mitumbwi."

Nilicheka. Mume wangu hakucheka.

Leo mvua ilipopungua akaja Mzee Bilali, mwenye boti. Alikataa kuingia, akasimama kizingitini na mwavuli wake.

"Mama Rehema, jino si mguu. Mtu anaogelea kwa meno?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kesho tunatoka. Samaki hawajatimia, na kuna kijana wa Kibirizi ananisumbua anataka nafasi."

Mume wangu, shavu limemvimba kama amebana limau, akatazama chini. Mzee akaondoka.

Nikarudi kwenye beseni la nguo. Ndani ya mfuko wa kaptura yake ya kazini nikagusa kitu laini. Kidonge cha pamba, kimesokotwa vizuri, chekundu kwa mawese. Kibichi. Amekitengeneza leo, labda wakati mimi namnyonyesha mwanawe.

Sikupiga kelele. Nilikwenda msumarini anapotundika vifaa vyake, nikachukua kidude kipya cha kung'ata, nikachukua panga, nikakikatakata juu ya kizingiti. Kipande kimoja kikarukia uani kwenye matope.

Mume wangu akanidaka kifundo cha mkono, akakisokota mpaka panga likaanguka. Bega langu likagonga mwimo wa mlango. Rehema mkekani analia, ufizi umemvimba, jino la kwanza linatafuta njia, ana usiku wa sita haniachi nilale.

"Una wazimu? Hiyo ndiyo kazi yangu!"

"Kazi yako ni kurudi!"

"Safari hii nitaliziba tundu vizuri."

Hapo ndipo nilipompiga.

Akayumba. Akatema damu kiganjani, akaitazama kama vile si yake. Nikamwambia: hilo ni kofi la mwanamke ambaye hajalala. Ziwa halinyonyeshi. Likikupiga, litakupiga kwa nguvu zake zote.

Tulikuwa bado tumesimama hivyo, tunahema, Shabani alipopiga hodi na plasta yake puani. Aliona panga, aliona vipande.

"Nimekutana na mzee njiani. Mimi kesho sizami na wewe," akamwambia. "Mguu wako nimeushika mara moja. Mara ya pili nitauachia, bwana. Na sitaki kuja hapa kumwambia shemeji kwamba niliuachia."

Akageuka, akaenda zake.

Mume wangu alikaa chini. Kisha akachukua kile kidonge cha pamba nilichokiacha pembeni ya beseni, akakitupa kwenye jiko la mkaa. Kikalipuka moto mkubwa kuliko chenyewe, nyumba ikanuka mawese kama ya mtu anayekaanga. Rehema alinyamaza, akautazama ule moto, akacheka.

Sasa nikiri lingine. Mama yangu alipigwa, nikaapa nyumbani kwangu hakuna mkono utakaonyanyuka. Nilidhani mkono wa kuchungwa ni wa mwanamume. Sikuwahi kuuwazia wangu. Nimemwomba msamaha kwa kofi. Kwa panga sijaomba, wala sitaomba. Aligeuza uso akanipa shavu bovu nimwekee kitambaa cha maji baridi.

Nimemwandikia mzee kwa simu yangu mwenyewe: "Shikamoo mzee. Baba Rehema haji kesho, wala mwezi huu. Nafasi mpe huyo kijana wa Kibirizi. Ila mwangalie meno kwanza."

Hajajibu. Boti litaondoka na watu wengine, na mzee huenda asitusamehe. Potelea mbali.

Mume wangu amelala mkekani, mdomo wazi, binti yake kamlalia kifuani. Kwa mara ya kwanza wiki hii wote wawili wamenyamaza, ningeweza na mimi kufumba macho. Nimekaa tu mlangoni, bega linauma, nasikiliza anavyovuta hewa bila mpira.