"Yes" Iliyotaka Kuninyima Kazi

Wanangu, nimetoka mbio. Kazi nimepata!

Maharage yako kwenye sufuria, ni ya kupasha tu. ~~Baba yenu asipewe, ameshashiba kicheko.~~ Haya, mpeni.

Mlipokwenda shule, meneja wa ile hoteli alinipigia. Akauliza kwa Kiingereza: sijabadili nia kuhusu kushona mapazia yao? Nami kwa bashasha: "Yes!" Si ukiulizwa "Hujaghairi?" unajibu "Ndiyo, sijaghairi"? Kumbe kwao "yes" hiyo maana yake nimeghairi! Akasema pole, akakata simu. Baba yenu akacheka mpaka akakaa chini, na mimi machozi yananilenga.

Dada yenu ndiye aliyeniokoa. Alimpigia tena meneja, akanipa simu, akaninong'oneza: "Akiuliza vilevile, sema 'no', mama!" Nikasema "no", nikapewa kazi. Lugha gani hii, mtu akatae ndipo akubaliwe?

Mvua ikitanda, anueni nguo.

Baba watoto, nikirudi nitakuuliza: hukunicheka kwa ubaya? Nijibu kwa Kiswahili, nijue ndiyo yako iko upande gani.

Mama yenu, fundi mapazia